ULE MLIMA HAUITWI WHITE CAP



Asubuhi ikiwa safi hapa Isiolo, kabla mawingu hayajapanda, ukitazama kusini unauona Mlima Kenya. Jumapili iliyopita mwalimu wa watoto aliwaonyesha mlima huo akauliza, "Ule unaitwaje?" Mtoto mmoja akainua mkono haraka: "White Cap!"

Wenzake walicheka. Mwalimu aliponisimulia, hata mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha. Mtoto yule hakusema uongo. Alisema alichofundishwa. Aliuona mlima kwenye chupa kabla hajaambiwa na mtu kwamba Mungu ndiye aliyeuumba.

Mpendwa, tembea Afrika Mashariki uone. Kenya wana mlima kwenye chupa na tembo kwenye chupa. Tanzania kuna Kilimanjaro, kuna Serengeti, kuna Safari, kuna Ndovu. Uganda, pale Jinja Mto Nile unapoanzia safari yake, kuna Nile Special. Mlima, mto, mbuga, mnyama: kila kitu Mungu alichotupa tujivunie kimebandikwa kwenye pombe. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote vilivyomo ni vya nani? Ni vya BWANA. Si vya kiwanda.

Wanakuambia, "Bia yangu, nchi yangu." Ndugu yangu, hebu tuulizane polepole. Tusker ilipata jina lake kwa sababu George Hurst, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha Kenya Breweries mwaka 1922, aliuawa na tembo mwaka 1923. Wakati huo babu yako Mwafrika alikuwa haruhusiwi hata kuinywa bia ya Mzungu. Na mwaka 2023, Diageo ya London iliongeza hisa zake katika East African Breweries hadi asilimia 65. Sasa niambie, ni nchi ya nani? Faida inapanda ndege. Kinachobaki Isiolo ni chupa tupu na mama anayelala na njaa.

Tembo yule aliua mtu mmoja. Ulevi umezika wangapi mtaani kwako? Hesabu mwenyewe.

Najua utaniambia habari ya wakulima. Ni kweli, na sitaificha kweli. Hapo juu Timau watu wanalima shayiri, na shayiri imesomesha watoto. Tharaka wanauza mtama unaotengeneza Senator. Siwatukani wakulima hao, ni ndugu zetu na wanatafuta riziki. Lakini sisi wa Isiolo tusisahau upesi. Kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa, watoto wakakonda. Wakati ule hakuna aliyeuliza mtama unatengeneza bia gani. Tuliuliza kama upo wa kupika.

Na Senator yenyewe ililetwa mwaka 2004, bei ya chini, ushuru umepunguzwa, hoja ikiwa ni kuwatoa watu kwenye chang'aa. Mwaka 2013 serikali ilipopunguza nafuu ile ya ushuru, mauzo yakaporomoka, na baadaye nafuu ikarudishwa. Miaka imepita zaidi ya 20. Je, chang'aa imeisha? Jibu unalo. Shetani hafukuzwi na shetani mwenye bei nafuu.

Kuna anayesema, "Lakini Pasta, Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo." Soma vizuri 1 Timotheo 5:23. Ilikuwa kidogo, kwa ajili ya tumbo na magonjwa ya mara kwa mara. Wewe tumbo lako linaugua kila Ijumaa jioni tu? Soma basi na Yeremia 35, uwaone Warekabi. Nabii mwenyewe aliwawekea mvinyo mezani, ndani ya nyumba ya Bwana, nao wakakataa, kwa sababu baba yao aliwaagiza wasinywe. Mungu akawasifu. Ikiwa wao walimheshimu baba wa duniani hivyo, sisi tunamheshimuje wa mbinguni?

Sasa niseme neno litakaloniumiza mimi kwanza.

Tunaishi na majirani Waislamu. Dini yao inawakataza pombe, na wengi wanalishika agizo hilo. Mtu akipepesuka usiku pale Bulla Pesa, akiimba na kuanguka mtaroni, unafikiri watu wanauliza ni wa dini gani? Hawaulizi. Wanasema, "Huyo ni Mkristo." Wapendwa, hapa kwetu ulevi umekuwa kitambulisho chetu! Tunapanga mikutano ya injili, tunakodi vipaza sauti, halafu mahubiri yote yanafutwa na ndugu mmoja aliyelala barabarani na Biblia iko nyumbani kwake.

Na kuna wanaosema, "Mimi sinywi." Ni kweli hunywi, lakini chumba chako kimepangishwa duka la pombe, na kodi yake unaitolea fungu la kumi. Habakuki 2:15 haimwoni mnywaji peke yake. Ole ile ni ya anayemnywesha jirani yake. Mwenye nyumba, hapo umetajwa.

Wiki hii nimerudisha ahadi ya mabati ya kanisa iliyotoka kwenye fedha za namna hiyo. Nilikwenda mwenyewe kwa aliyeitoa, tukaketi, nikamshukuru, nikakataa. Alikasirika. Ninampenda na mlango wetu uko wazi kwake. Wazee wengine wamenilaumu, kwa maana upande wa akina mama bado unavuja. Afadhali tunyeshewe tukiimba kuliko kukaa pakavu chini ya machozi ya mke wa mtu.

Basi fanya mambo matatu. Wewe unayekunywa kwa siri, nipigie simu. Sitakutangaza, tutaomba na tutatembea pamoja mpaka utoke. Wewe uliyepangisha, mpe mpangaji notisi, umtafute fundi viatu au muuza nafaka. Na wewe mzazi, kesho asubuhi mtoe mtoto nje kabla ya mawingu. Mwonyeshe mlima. Mwambie jina lake, kisha mwambie jina la aliyeuumba.

TUOMBE: Baba, tusamehe. Tumeacha kazi za mikono yako ziwe matangazo. Wafungue waliofungwa na chupa, walinde watoto wetu, rudisha ushuhuda wetu katika mji huu wa Isiolo. Katika jina la Yesu. Amina.

Ukikubaliana na neno hili andika AMINA, na umtumie mmoja unayempenda. Tukutane Jumatano kwenye maombi. Mvua ikinyesha, njoo na mwavuli.