Mafuriko ya Bujumbura Yana Wenyewe



Kila mvua kubwa inapoibomoa mitaa ya Bujumbura, husikika hukumu mbili. Ya kwanza husema ni kazi ya Mungu. Ya pili husema ni kosa la maskini waliotoka vijijini wakajenga mabondeni. Nazikataa zote mbili. Ya kwanza humsingizia Muumba, ya pili humsingizia mnyonge, na zote huwaacha wenye mamlaka na wenye mali bila kuulizwa swali.

Tazama kwanza mahali mji ulipo. Umelala kwenye tambarare ya Imbo, kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mumirwa. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Vilele vilivyo nyuma ya mji hupita mita 2,000. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi na kuupasua mji kuelekea ziwani. Hilo ni la asili, wala halina wa kulaumiwa. Yaliyofuata ni yetu.

Tumekata miti ya milimani, tukajenga. Mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo sasa huangukia mabati, saruji na lami. Kila ua huelekeza maji yake njiani, njia huyaelekeza mtoni, na aishiye juu hamuulizi aishiye chini kama atalala salama. Kisha twashuka mtoni kuchimba mchanga na mawe ya kuujengea mji uleule. Kina cha mto huongezeka, kingo hukosa egemeo na kuporomoka. Korongo la Ntahangwa limekwisha kumeza nyumba pale Mugoboka. Je, hapo pia tumlaumu Mungu?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yaliikumba mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama ikiwamo. Watu zaidi ya 60 walikufa, na nyumba nyingi za matofali mabichi zilianguka. Mitaa hiyo haikuota usiku mmoja. Watu waliishi humo miaka na miaka, na utawala ukiwajua.

Wapo wanaosema: wahamiaji na warudi kwao. Warudi wapi? Katika sensa ya mwaka 2008 Burundi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 katika eneo lisilofika kilomita za mraba 28,000, wengi wao wakulima. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata halimshibishi mmoja. Tena nchi yetu ingali miongoni mwa nchi zenye wakazi wachache zaidi wa mijini duniani. Yaani wengi bado wako njiani. Mji unaowahitaji kubeba zege na kuponda kokoto, kisha ukawanyima mahali pa kulala penye usalama, hauna haki ya kuwaita wavamizi.

Na sheria? Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika. Tembea ufukweni uhesabu hoteli, baa na majumba. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024, tulisikia kwamba ziwa limevamia mji. Ziwa lilikuwa limepanda vivyo hivyo mwaka 1964, na katika karne ya 19 lilifika juu zaidi. Lilirudi mahali pake pa kale, likatukuta tumejenga. Sheria inayomwona mwenye tofali bichi, ikafumba macho mbele ya mwenye ghorofa, haistahili heshima ya wananchi.

Nitaambiwa kwamba nchi ni maskini na mitaro ni ghali. Lakini kuta za kuzuia korongo zilizokwisha kujengwa Ntahangwa ziligharimu nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekwisha kuanza kuujenga. Yapo mambo ya gharama nafuu: kiwanja kisigawiwe kabla mtaro haujachimbwa, ramani ya mipaka ya mito ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa, uchimbaji wa mchanga uondolewe karibu na madaraja, kila nyumba kubwa iwe na tangi au shimo la kupokea maji ya paa lake.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Kabla ya kununua kiwanja, uliza maji ya mvua hupitia wapi, na uulize wazee wa mtaa, si muuzaji peke yake. Ikiwa una nyumba, toka nje mvua inaponyesha uone maji ya paa lako yanaelekea kwa nani. Na kiongozi akija mtaani baada ya mafuriko kutoa pole, pokea pole yake kwa adabu, kisha umwombe mbele ya watu akuonyeshe ramani.