Singeli inahitaji wahakiki, si wakemeaji

Mwaka 2019 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu tatu za singeli kutoka Dar es Salaam: Mateso ya Sisso, mtayarishaji ambaye studio yake ya Mburahati imelea vijana wengi wa muziki huu, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na Uingizaji Hewa ya Duke. Yasome majina hayo kwa mfuatano na picha inajichora yenyewe: dhiki, ukata, na chumba chenye joto kisichopitisha upepo. Ni majina ya Kiswahili cha mtaani kisichohitaji kamusi kwa mtu wa Tandale au Mbagala. Ajabu ni kwamba waliozinunua albamu hizo, wakaziandikia makala na kuwaalika waliozitengeneza kwenye majukwaa, wengi ni Wazungu wasiojua maana ya neno hata moja kati ya hayo. Sisi tunaoyajua tumebaki na swali lilelile la miaka yote: hivi singeli ni muziki au ni kelele?

Hoja yangu ni kwamba anayeiponda singeli hapa nyumbani na anayeishangilia huko Ulaya wanafanya kosa moja. Wote wawili wamesikia kasi tu. Wa hapa anasema mapigo yanakimbia mno, hakuna anachoambulia, kwa hiyo ni fujo. Wa kule anasema mapigo yanapita 200 kwa dakika na wakati mwingine yanakaribia 300, hajawahi kusikia kitu kama hicho, kwa hiyo ni maajabu. Mmoja ananuna, mwingine anapiga makofi, lakini hakuna aliyetuambia kazi ipi ni nzuri na ipi ni mbovu, na kwa nini. Muziki unaopokewa kwa namna hizo mbili tu hauwezi kukomaa, kwa sababu kukemea hakumfundishi msanii na kusifia bila kuchagua hakumfundishi pia. Kinachokosekana kati ya hayo mawili ni uhakiki, na uhakiki huo haupaswi kutoka Berlin. Unapaswa kutoka hapahapa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Sikiliza jinsi biti ya singeli inavyojengwa. Mtayarishaji anachukua kipande kifupi cha kinanda cha taarabu, pengine sekunde mbili tatu tu, anakikata, anakizungusha kijirudie, kisha anakikimbiza mpaka sauti iliyokuwa nzito inapanda na kuwa nyembamba kama ya mtoto. Juu yake anapanga ngoma zenye asili ya mnanda na mchiriku, midundo ambayo nayo ina mizizi katika ngoma za Wazaramo. Kazi kubwa hufanyika kwa kompyuta ya kawaida na programu ya DJ. Halafu anakuja anayechana, naye ana mtihani wake: lazima maneno yake yatue juu ya mbio hizo bila kumezwa, ajue wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kumwachia DJ, na wapi pa kutupa msemo utakaodakwa na mtaa mzima. Man Fongo alipotoka na Hainaga Ushemeji, jina la wimbo liligeuka usemi wa daladalani na vijiweni. Kelele haiachi msemo nyuma yake.

Ni kweli kwamba kazi nyingi hazifikii kiwango hicho. Kuna biti zinazokopiana mpaka huwezi kujua ipi ni mama na ipi ni mtoto. Kuna waimbaji wanaoficha uhaba wa maneno nyuma ya mbio, na wanaojaza wimbo kwa kutaja majina ya marafiki na wafadhili. Mpenzi wa singeli wa Manzese anazijua tofauti hizo vizuri kuliko mwandishi yeyote wa gazeti. Utaziona kwenye kigodoro, pale spika zilipopangwa uchochoroni na turubai limefungwa juu: biti fulani ikipigwa watu wanavamia uwanja, nyingine ikipigwa wanarudi kwenye viti na simu zao. Huo ni uhakiki wa miguu. Unatoa hukumu lakini hauelezi sababu, na turubai likishafunguliwa kumbukumbu yake imekwisha.

Historia ya jiji hili inatuonya kuhusu hukumu za haraka. Mwaka 1969, katika siku za Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa madai kuwa unawaharibu vijana. Baadaye mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya kuungaunga, ulihesabiwa kuwa wa wavuta bangi na redio zikauweka kando. Bongo Fleva ilipoanza kuchipua miaka ya 1990, wazazi wengi waliiita uhuni, na leo ndiyo inayopamba mikutano ya kampeni. Siyo kila kilichokataliwa kilikuwa kizuri. Ninachosema ni kwamba katika kila zamu kati ya hizo jamii ilihukumu aina nzima ya muziki kwa mkupuo, bila kuketi na kazi moja moja. Matokeo yake kazi bora na kazi mbovu ziliadhibiwa pamoja, kisha zikasamehewa pamoja.

Wenzetu wamekutana na mtihani kama huu katika muziki ulio tofauti kabisa na singeli. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, palizuka roki ya giza iliyokuja kuitwa gothiki: magitaa yenye mwangwi mrefu, sauti za huzuni, nyimbo za kifo na upweke. Bendi ya Bauhaus ilitoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1979, nao ulikuwa wa zaidi ya dakika tisa. The Cure walipotoa albamu ya Pornography mwaka 1982, wahakiki wengi waliiponda kwamba ni giza tupu lisilo na mlango wa kutokea. Miaka ilipopita wengine waliisikiliza upya, wakaitetea, na leo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za muziki huo. Kinachotuhusu hapa ni njia iliyopitiwa. Magazeti ya muziki ya kila wiki, kama New Musical Express na Melody Maker, yaliandika kuhusu albamu moja moja na wimbo mmoja mmoja, hata kwa ukali wa kupindukia. Kwa kuwa hukumu ilikuwa na sababu, ilikuwa na mlango wa kujibiwa. Huwezi kubishana na mtu anayesema "kelele" akaishia hapo.

Majirani zetu nao hawajapona. Nairobi, vijana wawili wa kundi la Duma walitoa mwaka 2020 albamu yenye jina la kundi lao, iliyojaa mayowe na vishindo vya mashine, na kwa masikio mengi ya Afrika Mashariki muziki wa namna hiyo una jina moja tu: ushetani. Uganda, Septemba 2018, Waziri wa Maadili Simon Lokodo alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kabla serikali haijarudi nyuma na kuliruhusu. Katika mabishano hayo maadili ndiyo yaliyotawala. Muziki wenyewe haukupata wa kuuzungumzia.

Sasa kuna mapingamizi ambayo si ya kupuuza. La kwanza ni usingizi. Mama mwenye mtoto mchanga Mbagala, ambaye spika za jirani zimemkeshesha mpaka alfajiri, ana haki ya kutoniunga mkono. Namwelewa, na nasema madai yake ni halali kabisa. Lakini shauri lake ni la sauti na saa, na lina pa kupelekwa. Nchi ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na mamlaka ya taifa ya mazingira inapaswa kuzisimamia. Kanuni hizo haziulizi kama kinachopigwa ni singeli, kwaya au rumba. Spika ya baa inayopiga dansi la zamani saa nane za usiku inavunja sheria ileile. Tukichanganya kosa la aliyefungulia sauti na thamani ya kazi ya aliyetunga, mama yule hatapata usingizi na mtunzi hatapata haki.

Pingamizi la pili ni matusi. Zipo nyimbo za singeli ambazo huwezi kuzisikiliza ukiwa umekaa na mkweo, hilo halifichiki. Ila singeli haina hatimiliki ya lugha chafu. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, mastaa wa Bongo Fleva wa daraja la juu. Taarabu yenyewe, inayoheshimika, imeishi kwa mafumbo ambayo kila mtu mzima anayajua. Na hapa ndipo mhakiki anapofanya kazi ambayo mfungiaji haiwezi. Kufungia wimbo ni kuupigia debe, kwani aliyekuwa hajausikia atautafuta. Mhakiki anaweza kuonyesha kwamba tusi fulani limewekwa kwa sababu mtunzi ameishiwa, na kwamba mwenzake alisema jambo lilelile kwa fumbo na akachekesha zaidi. Kwa mtunzi, kuambiwa ameishiwa kunauma kuliko kufungiwa.

La tatu ni la wale wanaosema uhakiki ni mambo ya wasomi na ya kigeni, na kwamba soko limeshaamua. Kwanza, si ya kigeni. Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa malumbano ambapo washairi walijibizana, wakasahihishana vina na mizani mbele ya wasomaji, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa walioandika humo. Pili, lugha ya kuchambua tunayo tele kwenye mpira. Asubuhi baada ya mechi ya Simba na Yanga, kijana wa Temeke atakueleza nani alikaba kwa macho, kocha alichelewa wapi kufanya mabadiliko, na bao lilianzia kwa kosa la nani. Hasemi tu "mpira mbovu". Kijana huyohuyo ana uwezo wa kukuambia kwa nini biti hii imekaa na ile imelegea, ila hakuna anayempa safu ya kuandika. Na soko linatuambia kilichopendwa wiki hii, halituambii kilichotengenezwa kwa ustadi.

Wapo pia watakaosema tushukuru kwa sifa za Ulaya, maana zimewafikisha vijana wa uswahilini kwenye majukwaa ambayo Bongo Fleva haijayakanyaga. Tushukuru, naam. Lakini tutazame gharama yake. Anayekusifia kwa kasi atakulipa kwa kasi, na mtayarishaji anayetegemea safari hizo ana kishawishi cha kuongeza mbio na kupunguza maneno, kwa kuwa maneno hayaeleweki kule yanakopelekwa. Singeli ya kusafirishwa na singeli ya kigodoro zinaweza kuachana mikono bila mtu kugundua. Wa kugundua ni msikilizaji anayeelewa midundo na Kiswahili kwa pamoja, na msikilizaji huyo anakaa Tandale, Manzese na Mbagala.

Kwa hiyo magazeti ya Kiswahili, likiwemo hili, yaanze na jambo dogo: nafasi moja kila wiki kwa kazi moja ya singeli, ikiandikwa na mtu aliyekulia ndani ya muziki huo, kwa jina lake. Redio zinazopiga singeli saa nzima zitenge dakika kumi za kuijadili. BASATA, inapofungia, itoe sababu zinazoweza kujadiliwa. Na anayetaka kuiponda singeli asizuiwe hata kidogo, aiponde anavyotaka, ila ataje wimbo, ataje mtunzi, aseme ni sehemu gani iliyomkera na kwa nini. Akishafanya hivyo atakuwa ameisikiliza, na Sisso na wenzake watakuwa na kitu cha kumjibu.