Taa ya injini ikiwaka usiizime, isome

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini yatasubiri. Leo nina jambo linaloniwasha, nalo ni ile taa ya manjano yenye picha ya injini kwenye dashibodi ya gari.

Sisi wa kisiwani Lamu hatuna habari nyingi za magari. Mji wa kale una vichochoro, punda na mashua. Magari yaanzia ng'ambo, Mokowe, na hapo ndipo mtu huelekea Hindi, Mpeketoni, Witu hadi Garsen. Ami yangu ana gari dogo lililotoka Japani, nalo ndilo linalomlisha. Siku moja akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si mtu wa kompyuta? Gari hili nalo waniambia lina kompyuta. Njoo ulitazame."

Taa ilikuwa imewaka kwa wiki kadhaa. Fundi mmoja alichomoa waya wa betri, akaurudisha, taa ikazimika, akalipwa shilingi 1,500. Baada ya siku mbili taa ikarudi. Akafanya vilevile mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne akamwambia Ami kuwa kompyuta nzima ya gari imekufa, atafute nyingine. Petroli nayo ilikuwa ikinywewa kama maji.

Hapa ndipo nilipokasirika. Kazini kwetu, programu ikitoa ujumbe wa kosa, mtu akaufuta bila kuusoma kisha akasema ametengeneza, hamalizi mwezi. Kwa nini tukubali hayo kwenye gari? Punda akichechemea hatufungi macho yetu tusimwone. Twainua mguu, twatazama ukwato.

Gari lajua kusema. Tangu magari ya modeli ya mwaka 1996, sheria ya Marekani imelazimisha kila gari jipya la abiria liwe na tundu la uchunguzi la aina moja, liitwalo OBD-II. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Japani nayo ina mfumo wa namna hiyo, ingawa magari yake ya zamani ya soko la ndani huenda yasijibu kila kifaa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mengi yanayoshuka Mombasa siku hizi yana tundu hilo, kwa kawaida chini ya usukani.

Nilivuka na kifaa kidogo cha blututhi cha aina ya ELM327, nikakichomeka, nikafungua programu kwenye simu. Jibu: P0135. Maana yake ni kwamba kuna hitilafu kwenye saketi ya hita ya kihisi cha oksijeni cha mbele. (Mafundi huiita sensa, nayo si ile ya kuhesabu watu!)

Kihisi hiki hukaa kwenye bomba la moshi na kuonja oksijeni iliyobaki. Kwa habari yake, kompyuta hupima petroli ya kumwagia injini, ikilenga takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Lakini hakifanyi kazi mpaka kipate moto wa nyuzi mia kadhaa, ndiyo maana kina hita ndani. Hita ikifa, kompyuta hukaa muda mrefu ikikisia, na ikikisia humwaga petroli ya ziada. Kwa gari la safari fupifupi kama la Ami, hiyo ni hasara ya kila siku.

Sasa sikilizeni, maana hapa wengi hukosea upande wa pili. Msimbo hautaji kipuri cha kununua. Unataja mahali pa kuanza kutafuta. P0135 yaweza kuwa fyuzi, waya uliokatika, au plagi iliyoliwa na chumvi, na huku kwetu chumvi haina huruma. Nilitazama fyuzi: nzima. Nikachomoa plagi ya kihisi, nikawasha swichi na kupima upande wa gari: volti 12 zipo. Nikapima hita yenyewe kwa mita. Hita nzima huonyesha omu chache. Hii haikuonyesha kitu, saketi imekatika. Hapo ndipo tukaagiza kihisi kutoka Mombasa, kwa namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye kile cha zamani. Msinunue kwa kukisia, maana baadhi ya magari yana kihisi cha aina nyingine mahali pale pale, na havibadilishani.

Kukifungua kulinishinda. Nilivuta spana ya milimita 22 mpaka mikono ikatetemeka. Ami, aliyezoea mashine za boti, akacheka: "Mwanangu, chuma cha pwani hakitaki nguvu, chataka subira." Akatia mafuta ya kulegeza kutu, akawasha injini kidogo bomba lipate vuguvugu, akaizima, akachomoa betri. Kikatoka. Kipya tulikianza kwa vidole ili tusiharibu hesi, bila kugusa ncha yake kwa grisi. Kisha nikafuta msimbo. Naam, nikaufuta, lakini baada ya kutengeneza. Mpaka leo haujarudi.

Siwasemi mafundi wote vibaya. Bila mikono ya Ami ningekuwa bado nimening'inia kwenye spana. Ninachodai ni kidogo: kabla hujalipa, omba uonyeshwe msimbo, uuandike, kisha uulize fundi alipima nini kuuthibitisha. Asipokuwa na jibu, usinunue kipuri. Na taa ikiwa inamwekamweka, usiendelee na safari, maana hapo petroli isiyoungua yaweza kuunguza kichujio cha moshi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Fundi akikuzimia taa bila kuisoma, amekufichia maradhi yako mwenyewe, kisha akakutoza pesa.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata, inshallah.