Kuficha picha si kuficha jinai

Mzazi wa Mbagala au Bunju anapolalamika kuwa picha za maiti zinafika katika simu za watoto kabla marehemu hajazikwa, lalamiko lake ni la haki. Maiti ana heshima yake, na jeraha lake si la kutazamwa barazani. Lakini anapotaka serikali ipige marufuku habari zote za mauaji na utekaji, inafaa atahadhari.

Usiku wa tarehe 26 Juni 2012, Dkt. Steven Ulimboka, aliyekuwa kiongozi wa mgomo wa madaktari, alitekwa jijini Dar es Salaam, akapigwa vibaya na kutupwa msituni Mabwepande, Kinondoni. Gazeti la MwanaHALISI lilichapisha habari za waliodaiwa kuhusika. Tarehe 30 Julai serikali ililituhumu kwa uchochezi na kulifungia kwa muda usiojulikana, chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Mahakama Kuu ilitengua amri hiyo mwaka 2015. Kwa miaka mitatu, basi, msomaji alikingwa na nini? Hakukingwa na picha ya kutisha, bali na swali la nani aliyetenda.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, pamoja na haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 30 inaruhusu sheria iweke mipaka ili kulinda haki za wengine. Hata hivyo, mipaka hiyo haiwekwi kiholela. Tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, kikiwamo kilichompa waziri uwezo wa kuzuia maudhui, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Kwa hiyo, kila linapotolewa katazo, tuulize linamsitiri nani. Likimsitiri marehemu, shahidi au mtoto aliyenajisiwa, ni katazo jema, na sheria ilitamke waziwazi. Likimsitiri mtenda jinai, hiyo si sitara tena, bali ni kumsaidia.

Nasi wazazi tunao wajibu usiongoja waziri: tuifute picha, tusiisambaze, tuzungumze na watoto wetu. Ila tusiombe habari yenyewe ifutwe, kwani aliyedhulumiwa huenda hana shahidi mwingine.