Maveterani Wakimbilie Wapi?

Makamanda, leo naiacha Katiba pembeni. Mama yangu mdogo ana miaka 47 na anakimbia kila alfajiri kwenye kiwanja cha shule ya msingi, maana uwanja wa mkoa geti linafungwa kwa kufuli.

Mashindano ya dunia ya riadha ya maveterani, kuanzia miaka 35, yamewahi kuja Afrika mara moja tu: Durban, 1997. Ukisema na sisi tuyaombe, utajibiwa si tuna Mkapa, watu 60,000! Jamani, shida siyo viti. Maveterani wanashindana kwa makundi ya miaka mitano mitano, wanawake kwa wanaume, mpaka wazee wa miaka 90. Uwanja mmoja hauwezi kumaliza mbio zote hizo. Vinatakiwa kadhaa, tena vya karibu karibu.

Sasa hesabu vya mikoani. Sheikh Amri Abeid Arusha, Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya: vyote mali ya CCM, urithi wa enzi za chama kimoja. Serikali ikitandika tartani pale kwa kodi yetu, inamjengea nani? (Darasani tunaita suala la umiliki. Mtaani lina jina jingine.) Vikabidhiwe halmashauri kwanza, geti lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri, ndiyo tuongee habari za uenyeji.