Kilimo Si Somo la Pembeni



Leo nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, na najua matusi yatatangulia kabla ya hoja. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Birmingham tunakidharau kilimo kilichotusomesha. Kahawa ya Moshi, pamba ya Shinyanga, karafuu ya Pemba na chai ya Kericho ndizo zilizowalipia wengi wetu ada. Leo mtoto akitaja kilimo tunamwangalia kama ameleta mchumba jambazi.

Majuzi kwenye sherehe moja Small Heath, binti wa Kitanzania alisema anasoma uchumi, na kilimo cha kimataifa amekichukua kama somo dogo la nyongeza. Watu wakacheka. Mzee mmoja akamuuliza, "Mwanangu, umepanda ndege kuja Ulaya kusomea jembe?" Mama yake akajitetea haraka, "Ni somo la pembeni tu, mzee wangu." Hiyo "tu" iliniuma kuliko kicheko.

Nikamwomba binti anionyeshe orodha ya vipindi vyake. Biashara ya kimataifa imo, misaada imo, usalama wa chakula, tabianchi na sera vimo. Udongo haumo. Mbegu haimo. Mimi niliyesomea kilimo Morogoro kabla ya kuja kubeba boksi huku nikajiuliza: hiki ni kilimo, au ni maongezi kuhusu wakulima?

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na pande mbili. Wazazi, acheni kucheka. Vijana, msikubali kilimo kisicho na udongo.

Kuna atakayeniambia kwamba mtunga sera hahitaji kushika jembe. Haya, twende Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa tu, ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ikaanza 1947. Kwenye karatasi hesabu zilipendeza. Lakini Kongwa ni Ugogo: mvua haina ahadi, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji na kuzing'ang'ania karanga. Mgogo yeyote angewaeleza hayo bila kudai posho. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Na Wakefield hakuwa mbumbumbu. Alikuwa mkurugenzi wa zamani wa kilimo wa Tanganyika hiyohiyo. Kama mtu wa namna ile aliponzwa na haraka na karatasi, itakuwaje kwa kijana ambaye hajawahi hata kupalilia tuta moja?

Msikimbilie kusema hayo ni ya wakoloni. Sisi wenyewe tulitangaza Siasa ni Kilimo kule Iringa mwaka 1972, tukaja na Kilimo cha Kufa na Kupona, kisha mwaka 2009 tukaanza na Kilimo Kwanza. Kaulimbiu zimebadilika, semina zimefanyika, posho zimeliwa. Wakulima wangapi bado wako na jembe la mkono?

Na sisi wa ughaibuni tuna kilimo chetu cha simu. Tunatuma pauni za kulimia matikiti, tunapiga simu kila Jumapili, tunaambiwa "yanaendelea vizuri, kaka," hadi siku tunapoambiwa yamekauka. Hatujui hata swali la kuuliza, kwa sababu tuliona aibu kujifunza.

Kinachouma zaidi ni kwamba mji huuhuu uliwahi kuonyesha njia. Mwaka 1969 Profesa Jack Hawkes, ambaye mwaka 1939 alikwenda Amerika Kusini kukusanya viazi vya asili, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Birmingham shahada ya uzamili ya kuhifadhi na kutumia mbegu na mimea ya asili. Wataalamu wa nchi nyingi walikuja kuisoma. Waingereza, ambao wakulima wao ni wachache mno, hawakuona aibu kumpa mtu shahada ya juu kwa kujua mbegu. Sisi, ambao Tanzania peke yake zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako shambani, ndio tunaocheka!

Mbegu ni siasa, jamani. Kenya ilirekebisha sheria yake ya mbegu mwaka 2012, na mkulima aliyeuza mbegu zisizosajiliwa akawa anakabiliwa na jela. Wakulima wadogo wakaenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Wasomi wetu wa ughaibuni tulikuwa wapi? Tulikuwa tunabishana kuhusu Arsenal.

"Atapata kazi gani?" mtauliza. Nami nawauliza: wenye shahada za biashara wamepata kazi gani? Wengi nakutana nao ghalani zamu ya usiku.

Kwa hiyo nashauri hivi. Anayesoma kilimo cha kimataifa, hata kama ni somo la nyongeza, adai vipindi vya udongo na mbegu. Akinyimwa, akakae msimu mzima kijijini, kuanzia kutayarisha shamba hadi kuvuna. Mzazi mwenye nauli ya kumpeleka mwanawe Dubai kutembea, ampeleke Kongwa kupalilia. Na asiyewahi kufanya hivyo asije kesho kutuandikia sera.

Naomba kuwasilisha.