Pumzi Utaikuta Humo Humo

"Ngoja kwanza nipunguze hiki kitambi, halafu nitakuja." Maneno haya huyasema watu wazima wenye akili zao, wanaosomesha watoto na kulipa kodi, kila wanapoulizwa kwa nini hawajaanza karate au judo wanayodai kuipenda tangu utotoni. Wengine hutaja pumzi. Wengine hutaja magoti. Wapo wanaocheka na kusema viungo vimeshakakamaa, mtu wa miaka 40 atapigaje msamba? Wote wamekubaliana bila kukaa kikao kwamba sanaa za mapigano ni za mwili ulio tayari, na asiye tayari akajiandae kwingine kwanza.

Nasema huo ni uongo, tena uongo wenye hasara, maana wanaouamini zaidi ndio hasa ambao mazoezi haya yangewafaa.

Hatukuupata kwa walimu wa Japani wala wa Okinawa. Tuliupata kwenye vibanda vya video, kwenye mabenchi ya mbao, mbele ya televisheni iliyofungiwa kwenye kizimba cha chuma. Humo shujaa alikuwa Bruce Lee aliyevua shati, kila msuli ukionekana kivyake, na hakuna aliyetuonyesha miaka aliyoipitia kabla ya kufika hapo. Chukua ile filamu ya Hong Kong ya mwaka 1978 kuhusu chumba cha 36 cha Shaolin, ambamo mwigizaji Gordon Liu anabeba ndoo za maji huku visu vimefungwa mikononi ili asiweze kulegeza mabega. Watu wengi waliotoka kuitazama walibaki na somo moja tu: mateso kwanza, mafunzo baadaye. Lakini itazameni tena. Kijana yule anabeba maji akiwa ndani ya hekalu. Chumba chake cha kwanza ni kuvuka dimbwi kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili afike kwenye chakula, na kila siku anatumbukia, anakula akiwa amelowa. Hakuna mtawa aliyemwambia arudi kijijini kwao akajifunze kuruka dimbwi, halafu aje aandikishwe. Hata filamu tunayoitumia kama ushahidi inaipinga hoja yetu.

Tukienda kwa watu wa kweli, hali inakuwa mbaya zaidi kwa wanaongoja. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alizaliwa 1860, akakua mfupi na mwembamba, na shuleni alionewa na wenzake waliomzidi mwili. Alitafuta mwalimu wa jujutsu kwa sababu hiyo hasa. Mwaka 1877 alipokelewa na Fukuda Hachinosuke akiwa bado dhaifu, na miaka mitano baadaye, 1882, akafungua shule yake ya judo, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Funakoshi Gichin, aliyeitambulisha karate mjini Tokyo mwaka 1922, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na utotoni alikuwa mgonjwagonjwa kiasi kwamba watu wa kwao hawakutarajia aishi maisha marefu. Karate ilikuwa sehemu ya tiba yake. Aliishi hadi karibu miaka 90. Kama wawili hawa wangesubiri miili yao iwe tayari, leo kusingekuwa na judo wala karate kama tunavyozijua.

Na kwa anayedhani hayo ni mambo ya wanaume tu, yupo mjukuu wa Fukuda yuleyule, Keiko Fukuda. Aliingia Kodokan mwaka 1935, umri umeshapita miaka 20, akiwa mwanamke ambaye kimo chake hakikufika mita moja na nusu, baada ya kualikwa na Kano mwenyewe. Aliachwa kwenye dani ya 5, yaani daraja la tano la mkanda mweusi, kwa miaka mingi, na wala haikuwa kwa kukosa uwezo, ila kwa kuwa wanawake hawakupandishwa zaidi ya hapo. Mwaka 2011, akiwa na miaka 98, shirikisho la judo la Marekani lilimpa dani ya 10. Alikuwa bado anafundisha San Francisco katika miaka yake ya tisini. Mwili ule mdogo haukuwahi kuwa "tayari" kwa vipimo vya kijana wa jimu, wala haukuhitaji kuwa.

Mtu ataniambia hao ni majina makubwa, tena wa zamani. Basi mtazame Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa Marekani, aliyevuta sigara kwa miaka mingi. Alianza jujitsu ya Brazili akikaribia miaka 60, na mwaka 2016 alishinda dhahabu mjini New York katika kundi la rika lake, akiwa na mkanda wa buluu. Simsifu kwa dhahabu. Nataka tu muone umri wake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba mitaala yenyewe ilitungwa kwa ajili ya mtu asiyejua kitu na asiye na nguvu. Mwalimu Itosu Anko alipoiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa na kazi ya kufundisha watoto wa shule kwa makundi. Kata ngumu za zamani, yaani ile mifuatano ya mbinu iliyopangwa, zisingewafaa, kwa hiyo akapanga tano fupi, zile Pinan, ambazo wanafunzi wa mtindo wa Shotokan leo huziita Heian. Anayeanza leo Nairobi au Mwanza na kufundishwa Heian ya kwanza anapewa kitu kilichopangwa makusudi kwa mgeni: geuka, zuia chini, songa hatua, piga ngumi. Kujiandaa miezi sita ili uje kujifunza somo lililotungwa kwa watoto wa shule ni sawa na kusoma usiku kucha ili ufaulu kuingia chekechea.

Katika judo ndiyo inachekesha zaidi. Somo la kwanza ni kuanguka. Unakaa chini, unajilaza nyuma huku kidevu kimegusa kifua ili kisogo kisigonge, na mikono inapiga mkeka. Ukishazoea, unafanya hivyo ukiwa umechuchumaa, mwishowe ukiwa umesimama. Ni wapi hapo kitambi kinapozuia? Kinyume chake, wenye misuli mikakamavu ndio huanguka vibaya. Hujihami kwa kutanguliza kiganja, na kifundo cha mkono kinalipa. Mtu laini, mwenye uoga kidogo na utii mwingi, hujifunza haraka. Na kwa mzee wa miaka 55 sijui ni ustadi gani wa mwili ulio na faida kuliko kujua kuanguka bila kuvunjika nyonga.

Pumzi nayo ina hadithi yake. Mwili huzoea kile unachoufanyisha, si kingine. Mtu wa klabu za jogingi, anayemaliza kilomita kumi kila Jumamosi bila shida, ukimshikisha kola ya mwenzake kwa dakika mbili atahema vilevile. Mapafu anayo. Kilichomponza ni kubana pumzi bila kujua, kukaza mabega, kukunja ngumi na kutumia nguvu zake zote kwa kila jambo dogo. Kila anayeanza hufanya hivyo. Ndiyo maana utasikia mwalimu akisema "pumua, pumua" kuliko neno jingine lolote, na ndiyo maana mtindo wa karate wa Goju-ryu umeweka kupumua katikati ya kata yake iitwayo Sanchin. Pumzi ya dojo, ukumbi wa mazoezi, hupatikana dojoni. Ile ya barabarani itakusaidia kidogo, siikatai, lakini si kiingilio.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Vipindi viwili vya saa moja na nusu vinavuka hapo. Kumbe yale maandalizi unayotaka kuyafanya kabla ya darasa, darasa lenyewe linayafanya, na humo kuna mtu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi.

Kuna methali tunayopigwa nayo: samaki mkunje angali mbichi. Inatajwa kana kwamba ni hukumu ya daktari wa mifupa. Waliotuachia methali hiyo walikuwa wanazungumzia malezi na tabia, si nyonga za mhasibu. Nyonga za mtu mzima hunyooka, polepole, akinyooshwa mara kwa mara huku mwili umeshapata moto. Msamba hataupiga pengine milele. Na iweje? Teke la mbele linalofika tumboni halihitaji msamba, na mitindo mingi ya Okinawa haina haja kubwa na mateke ya kichwani.

Sasa niseme ninachoamini hasa. Kitambi ni kisingizio cha heshima. Tunachokiogopa ni aibu.

Katika jamii zetu umri ni ngazi, na kila mtu anajua amesimama wapi. Dojo ina ngazi nyingine. Wanafunzi hujipanga mstari kwa mikanda, mkubwa upande mmoja, mgeni mwisho kabisa upande wa pili. Mkurugenzi aliyezoea kufunguliwa mlango wa gari anajikuta amesimama chini ya binti wa darasa la sita mwenye mkanda wa kijani. Na mwalimu akiwa na shughuli upande wa pili, ni huyo binti atakayetumwa kumrekebisha: "Shikamoo baba. Huo mguu wa nyuma unyooshe." Baba anaitikia marahaba, ananyoosha mguu, na jasho linalomtoka wakati huo halitokani na mazoezi. Ni hilo tu tunalolikimbia. Mtu yuleyule ambaye hana pumzi ya karate utamkuta harusini akicheza kwaito saa nzima akiwa amevaa suti.

Sidharau aibu hiyo. Mwanamume wa miaka 45 hajafundishwa kitu kipya mbele ya watu tangu alipojifunza udereva, na amesahau hali ya kutojua. Kwa mwanamke inaongezeka hofu nyingine, na hii si kisingizio hata kidogo: nani atamshika kola, nani atamlalia wakati wa mieleka ya chini? Ana haki ya kuuliza hayo kabla ya kulipa ada, na haki ya kuchagua wa kufanya naye. Lakini jibu la swali hilo halipatikani kwenye mizani.

Walimu nao wasijifiche nyuma yangu. Wengine ndio wanaoeneza uongo huu. Mgeni anaingia Jumatatu, anapigishwa pushapu mpaka mikono inatetemeka, anarukishwa kichura kuzunguka ukumbi, na keshokutwa haonekani. Mwalimu anawaambia waliobaki kwa majivuno kwamba yule hakuwa na moyo. Moyo gani? Huyo mtu hakufundishwa kitu. Alipimwa kwa mtihani ambao hakuna aliyempa notisi yake, na kazi ya kupima si kazi ya kufundisha. Tena ina hatari: mazoezi ya kupindukia kwenye mwili usiozoea yanaweza kuvunja misuli kiasi cha kudhuru figo. Mwalimu anayejisifu kwa idadi ya waliokimbia ni kama ameifunga milango kisha analalamika ukumbi mtupu. Karate ya Dar es Salaam ina mizizi yake kwenye madarasa ya miaka ya 1970 pale Shule ya Msingi Zanaki, alikofundisha Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani. Mchezo uliokulia katika jengo la shule ungepaswa kukumbuka kwamba mwanafunzi huja kwa sababu hajui.

Wapo wanaopaswa kungoja kweli, nao si wengi kama tunavyodhani: mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyefanyiwa upasuaji juzi, mjamzito. Hao waanzie kwa daktari, kisha wamweleze mwalimu bila kuficha. Mwenye presha, kwa mfano, hapaswi kubana pumzi huku amekaza mwili wote, na mwalimu asiyejua hilo hatamwonya. Lakini angalia tofauti. Mgonjwa ana kituo cha kwenda na jibu la kurudi nalo. Anayengoja kitambi kipungue hana tarehe.

Kwa hiyo nenda wiki hii, ukae pembeni utazame kipindi kimoja kizima kabla ya kutoa hata shilingi. Usiwatazame wenye mikanda myeusi, hao watakupotosha. Mtazame mtu wa mwisho kwenye mstari. Anaelekezwa au anachekwa? Akichoka anaruhusiwa kupumzika? Wakati wa kupigana anapewa mtu mpole au anatupwa kwa kijana anayetaka sifa? Ukiridhika, jiandikishe hapo hapo. Usinunue nguo nyeupe bado. Suruali ya traki na fulana vinatosha kwa mwezi wa kwanza. Kata kucha, vua pete na saa, fika dakika kumi kabla, umwambie mwalimu goti lipi linakusumbua. Siku mbili baada ya kipindi cha kwanza mapaja yatauma kuliko siku yenyewe; ni kawaida, yataacha. Kipindi cha pili kitaangukia katikati ya maumivu hayo. Nenda hivyo hivyo.